Kutoka Mushasha hadi Brussels: Umbali wa Ndege, Muda wa Safari na Saa za Tiketi



Mwanafunzi wetu mmoja wa zamani, mzaliwa wa Mushasha ya upande wa Muyinga, alipata nafasi ya kusoma Ulaya. Binamu yake anayeishi Brussels alimnunulia tiketi ya bei nafuu, ya ndege inayoanzia Dar es Salaam na kupitia Istanbul. Binamu aliisoma tiketi hiyo kwenye kompyuta, akaona imeandikwa Jumamosi, 03:40. Akamtumia mdogo wake ujumbe mfupi wa simu: "Ndege yako ni Jumamosi saa 3:40. Usichelewe."

Kijana hakuchelewa. Alipanda basi mapema, akavuka mpaka Kobero, akafika Dar es Salaam Ijumaa jioni na kulala kwa mwenyeji wake. Jumamosi saa moja na nusu asubuhi alikuwa tayari mlangoni pa uwanja wa ndege na begi lake, akisubiri saa tatu na dakika arobaini. Ndege yake ilikuwa imeondoka tangu saa tisa na dakika arobaini usiku. Wakati yeye anaulizia foleni ya abiria, ilikuwa imekwisha kwenda karibu kilometa 3,000. Ilibidi binamu anunue tiketi nyingine, na kijana alifika chuoni siku za kujiandikisha zikiwa zimekwisha. Nafasi yake aliipata kwa kuomba sana.

Katika kisa hiki hakuna mjinga hata mmoja. Aliyeko Brussels aliisoma tarakimu kama ilivyoandikwa. Aliyeko Mushasha aliielewa saa kama tulivyomfundisha. Nilipopata habari hizi nilikumbuka kwamba katika mtihani wetu wa kusoma saa alipata alama zote. Tulimchorea saa nyingi za mishale, lakini hatukumwonyesha hata tiketi moja.

Kwa hiyo makala haya yanalenga kueleza mambo matatu ambayo watu huyachanganya wanapouliza "Ni mbali kiasi gani?" Nayo ni umbali wenyewe, muda wa kuwa angani, na saa inayosomwa ukutani mwanzo na mwisho wa safari.

Umbali: Mushasha ipi?

Tukianza na umbali, swali la kwanza ni mahali pa kuanzia. Jina la Mushasha liko Gitega, mahali penye kanisa kuu la jimbo Katoliki, na liko pia upande wa Muyinga, eneo ambalo tangu mageuzi ya mikoa ya mwaka 2025 limo ndani ya mkoa wa Buhumuza. Kati ya mji wa Gitega na mji wa Muyinga, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilometa 80. Gari haliwezi kufuata mstari huo, kwa kuwa barabara hupinda na kupanda vilima. Lakini ndege kubwa ikiwa juu, kwa mwendo wake wa kawaida, huumaliza umbali huo kwa dakika zisizozidi sita. Kwa hiyo kwa msafiri wa Brussels Mushasha zote mbili ni karibu sawa.

Umbali wa ndege huhesabiwaje? Dunia ni mviringo wenye mzunguko wa kilometa 40,000 hivi. Ukiugawa mzunguko huo kwa digrii 360, kila digrii moja ni kama kilometa 111. Bujumbura iko digrii 3 na kidogo kusini ya ikweta, na Brussels iko karibu digrii 51 kaskazini. Tofauti ni kama digrii 54, yaani kilometa 6,000. Lakini Brussels haiko kaskazini moja kwa moja. Imeelekea magharibi kwa digrii 25, na mwelekeo huo huongeza safari. Hesabu kamili hutoa takriban kilometa 6,470 kati ya viwanja vya ndege vya miji hiyo miwili. Marubani hutumia maili ya baharini, ambayo ni kilometa 1.852, kwa sababu maili hiyo ni sawa na sehemu moja ya sitini ya digrii.

Walimu wenye tufe la dunia darasani wanaweza kuhakikisha jambo hili kwa uzi. Bana ncha moja ya uzi kwenye Bujumbura, uvute hadi Brussels, kisha upime. Jaribu pia Nairobi na New York. Kwenye ramani ya ukutani, mtu angechora mstari wa kukata katikati ya Afrika na kuingia baharini upande wa magharibi. Uzi uliokazwa juu ya tufe hupanda kaskazini, ukapita juu ya Sahara na Morocco kabla ya kuingia Atlantiki. Ndiyo njia fupi, na urefu wake ni kilometa 11,800 hivi. Ramani bapa hudanganya macho, kwa sababu ngozi ya chungwa haitandazwi mezani bila kuchanika.

Muda wa angani: kilometa hazibadiliki, saa hubadilika

Umbali kati ya miji miwili ni uleule jana na leo, lakini muda wa kuumaliza haujapata kuwa mmoja. Mwaka 1925 rubani Mbelgiji Edmond Thieffry alikuwa wa kwanza kuruka kutoka Brussels hadi Léopoldville, mji unaoitwa Kinshasa leo. Aliondoka tarehe 12 Februari na kufika tarehe 3 Aprili, yaani siku 51 kwa safari ya kilometa 8,000 na zaidi. Muda aliokuwa angani hasa ulikuwa kama saa 75 tu. Siku nyingine zilikwisha ardhini. Mwaka 1935 shirika la Sabena lilipoanzisha safari za kawaida kati ya Ubelgiji na Kongo, abiria walihitaji siku tano na nusu hivi. Leo ni usiku mmoja.

Ndege kubwa za abiria za siku hizi huenda kilometa 850 hadi 900 kwa saa zikiwa juu. Ukigawa 6,470 kwa 850 unapata saa saba na nusu na kidogo. Lakini usimwambie msafiri hivyo. Ndege hujivuta uwanjani kabla ya kuruka, hupanda kwa mwendo mdogo, hufuata njia zilizopangwa angani, na hupunguza mwendo kabla ya kutua. Kwa makadirio, ongeza nusu saa juu ya hesabu yako. Bujumbura hadi Brussels bila kusimama itakuwa kama saa nane. Kama ndege inasimama njiani Kigali au Entebbe, muda unarefuka zaidi.

Ndiyo sababu safari fupi huonekana kuwa ya pole kuliko ndefu. Bujumbura hadi Nairobi ni kama kilometa 870. Kwa hesabu tupu ni saa moja, lakini msafiri atarajie saa moja na nusu. Bujumbura hadi Dar es Salaam, takriban kilometa 1,160, atarajie karibu saa mbili.

Jambo lingine ni upepo. Juu sana, katika maeneo yaliyo mbali na ikweta, kuna pepo kali zinazovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayeelekea magharibi hukutana nazo uso kwa uso, na anayerudi husukumwa mgongoni. Shirika la ndege la Kenya lilipoanza safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York tarehe 28 Oktoba 2018, muda uliotangazwa ulikuwa kama saa 15 kwenda na saa 14 kurudi. Umbali ni mmoja, ila muda ni miwili.

Saa ya wapi?

Sasa tuingie kwenye jambo linalowatatiza wengi. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa moja, kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwa hiyo kinachobadilisha saa ya ukutani ni kwenda mashariki au magharibi. Kwenda kaskazini au kusini, hata kwa maelfu ya kilometa, hakuibadilishi.

Hebu tulinganishe safari mbili. Ya kwanza ni ya Bujumbura hadi Brussels, kilometa 6,470. Burundi hutumia saa ya Afrika ya Kati mwaka mzima. Ubelgiji huisogeza saa yake mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wakati wa baridi Brussels iko nyuma ya Bujumbura kwa saa moja. Wakati wa joto hakuna tofauti hata ya dakika. Msafiri wa mwezi Julai huvuka ikweta, Sahara na Bahari ya Kati bila kuigusa saa ya mkononi.

Safari ya pili ni ya miguu. Mtu anatoka Kobero, upande wa Burundi, anavuka mpaka hadi Kabanga, upande wa Tanzania. Hajatoka jasho, lakini tayari inampasa aisogeze saa yake mbele kwa saa nzima, kwa kuwa Tanzania hutumia saa ya Afrika Mashariki. Jua limechomoza mara moja juu ya vilima vyote. Kobero ikisema ni saa kumi na mbili asubuhi, Kabanga inasema ni saa moja.

Katika jambo hili Burundi ina bahati. Saa ya Kiswahili ilianza kwa kuangalia jua. Jua likichomoza ni saa kumi na mbili, likiwa utosini ni saa sita. Gitega iko karibu kabisa na digrii 30 mashariki, na huo ndio mstari unaotumika kupima saa ya Afrika ya Kati. Kwa hiyo saa sita mchana ya Gitega huwa karibu sana na saa sita ya jua lenyewe. Kigoma, ambayo imepakana nasi kwenye ziwa lilelile la Tanganyika, hufuata saa ya Dar es Salaam, na jua lake huwa nyuma ya saa ya ukutani kwa muda wa saa moja hivi. Hesabu yetu ya saa ilizaliwa pwani, lakini huku kwetu ndiko inakokwenda sambamba na jua.

Tahadhari kwa anayesoma tiketi: saa ya kuondoka huandikwa kwa saa ya mji wa kuondokea, na saa ya kufika kwa saa ya mji wa kufikia. Tuseme ndege inaondoka Bujumbura 14:00 na kutua Nairobi 16:30. Anayetoa tu atasema safari ni saa mbili na nusu. Sivyo. Ni saa moja na nusu, na saa moja nyingine ni ya mpaka. Akirudi, anaondoka Nairobi 12:00 na kutua Bujumbura 12:30, kana kwamba ameruka nusu saa tu.

Saa ya Kiswahili na saa ya tiketi

Viwanja vya ndege huhesabu saa kutoka 00:00 hadi 23:59, kuanzia katikati ya usiku. Kiswahili huhesabu kumi na mbili za mchana na kumi na mbili za usiku. Kirundi nacho huhesabu saa kwa mtindo huohuo wa kuanzia macheo. Kwa hiyo mtoto wa Mushasha anayo saa ya Kiswahili tangu nyumbani, kisha hukutana na saa ya tiketi shuleni kupitia Kifaransa. Zote mbili anazijua. Anachokosa ni daraja kati yake.

Daraja lenyewe ni hili. Kwa saa 0 hadi 6 za tiketi, jumlisha sita. Kwa saa 7 hadi 18, toa sita. Kwa saa 19 hadi 23, toa kumi na nane. Basi 03:40 ni saa tisa na dakika arobaini usiku, 09:40 ni saa tatu na dakika arobaini asubuhi, na 20:15 ni saa mbili na robo usiku.

Ila hesabu hii haitoshi, kwa sababu kuna suala la siku. Tiketi ya kijana wetu ilisema Jumamosi, 03:40. Hata angejua kwamba ni usiku, usiku gani? Kwa tiketi siku mpya huanza saa sita usiku. Kwa hesabu ya zamani ya pwani siku huanza jua linapotua, ndiyo maana mzee wa Zanzibar akisema "usiku wa Ijumaa" huenda anakusudia usiku unaofuata Alhamisi jioni. Kwa wengi wa bara, usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata Ijumaa mchana. Maneno ni yaleyale, usiku ni mwingine, na ndege haingojei tuafikiane.

Kwa bahati nzuri lugha yetu inao msemo usio na shaka: usiku wa kuamkia. "Ndege inaondoka saa tisa na dakika arobaini, usiku wa kuamkia Jumamosi. Uwe uwanjani Ijumaa saa sita usiku." Laiti ujumbe ule wa simu ungeandikwa hivi, familia moja isingelipa nauli mara mbili.

Kuna na neno saa lenyewe. "Saa mbili" ni wakati kwenye saa, na ni pia urefu wa muda. Wapo wanaosema "masaa mawili" ili kutofautisha, na wapo walimu wanaoikosoa kauli hiyo. Bila kuufungua mjadala huo, tunaweza kuwafundisha wanafunzi kusema "muda wa saa mbili" kwa urefu, na "saa mbili asubuhi" au "saa mbili usiku" kwa wakati. Saa isiyotajwa asubuhi, mchana, jioni au usiku haijakamilika. Neno hilo la mwisho si pambo.

Mazoezi ya darasani

Walimu wanaweza kuyatumia mazoezi haya kuanzia mwaka wa kwanza. Mwanafunzi ajibu kwa sentensi nzima.

1. Tiketi inasema Jumatatu, 00:20. Mwambie mama yako kwa Kiswahili ndege inaondoka lini.

2. Andika 21:45 kwa Kiswahili kwa njia mbili.

3. Ndege inaondoka Dar es Salaam 10:00 na kuwa angani kwa muda wa saa mbili. Inatua Bujumbura saa ngapi za Bujumbura?

4. Zanzibar hadi Muscat ni takriban kilometa 3,900, na saa ya Oman iko mbele ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Kadiria muda wa kuwa angani. Kisha useme ndege iliyoondoka Zanzibar saa saba mchana itatua Muscat saa ngapi.

5. Andika upya ujumbe wa simu wa binamu wa Brussels ili usiweze kueleweka vibaya, iwe Mushasha, iwe Zanzibar.

Majibu: (1) Saa sita na dakika ishirini, usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa hiyo aende uwanjani Jumapili usiku. (2) Saa tatu na dakika arobaini na tano usiku, au saa nne kasorobo usiku. (3) Saa tano asubuhi. (4) Muda wa saa tano hivi; itatua saa moja usiku kwa saa za Muscat. (5) Jibu zuri litaje siku, usiku wa kuamkia siku gani, jina la mji ambao saa yake inatumika, na wakati wa kufika uwanjani.

Tukimaliza, turudi kwenye swali la mwanzo. Kutoka Mushasha hadi Brussels ni mbali kiasi gani? Kwa uzi juu ya tufe, ni kilometa 6,400 na zaidi. Kwa ndege isiyosimama, ni kama saa nane. Kwa saa ya ukutani, ni saa moja wakati wa baridi, na wakati wa joto ni sifuri. Majibu yote matatu ni sahihi, mradi msemaji ajue anajibu lipi na msikilizaji aelewe lilelile.

Kijana wetu anaendelea na masomo. Siku hizi akituma ujumbe kuhusu safari huandika saa mara mbili, ya tiketi na ya Kiswahili, kisha huongeza "usiku wa kuamkia" hata pale ambapo ndege inaondoka mchana. Tunamwambia amezidisha. Yeye hujibu kwamba afadhali azidishe maneno kuliko nauli.